Mwanafunzi wa Lubumbashi katika vyuo vya ng'ambo: yanayosemwa na yaliyo kweli

Katika familia nyingi za Lubumbashi, kijana anayekwenda kusoma nje ya nchi huhesabiwa kuwa amekwisha kufaulu tangu siku anapopata viza, na yule anayerudia mwaka huko huhukumiwa mara moja kuwa mvivu au kuwa ameharibiwa na Ulaya. Hukumu zote mbili hutokana na kutojua jinsi vyuo vya nchi nyingine vinavyofundisha na vinavyopima, na ni vema jambo hilo lichunguzwe kabla kiwanja cha familia hakijauzwa.

Dhana inayoleta ugomvi mwingi zaidi kwenye simu, kwa maoni yangu, ni ile inayohusu alama. Wazazi waliosoma hapa wanajua kwamba asilimia 50 ni kupita, 70 ni distinksio na 80 ni distinksio kubwa, nao hudhani kwamba ngazi hiyo ni ya dunia nzima. Uingereza, katika shahada ya kwanza, kupita huanzia asilimia 40, na anayefikisha 70 amepata daraja la kwanza, ambalo halina jingine juu yake. Alama ya 80 huonekana kwa nadra, hasa katika masomo yanayopimwa kwa insha. Afrika Kusini kwa kawaida hupitisha kwa 50 na kutoa sifa ya juu kuanzia 75. Marekani mambo hugeuka kabisa, kwa kuwa alama A huanzia karibu na 90, na ile 72 ambayo London ingefanyiwa sherehe, huko mara nyingi ni C, yaani kazi isiyomsifu wala kumwangusha mwenyewe. Basi mama anayemgombeza binti yake aliyeko Uingereza kwa sababu ya 64 anamgombeza mtu aliyepata daraja la pili la juu, daraja ambalo kozi nyingi za shahada ya uzamili hulitaja kama sharti la kuingilia.

Husemwa pia kwamba Zambia ni jirani, kwa hiyo masomo yake hayawezi kuwa mageni. Ni kweli kwamba Kasumbalesa si mbali na kwamba Kibemba kinasikika pande zote mbili za mpaka, lakini chuo cha Kitwe au cha Lusaka hufundisha kwa Kiingereza na kimerithi desturi za Waingereza, ilhali chuo kikuu chetu kilianzishwa na Wabelgiji katikati ya miaka ya 1950, wakati mji huu ukiitwa Élisabethville. Mwanafunzi wa Kasapa, yaani kampasi ya chuo kikuu chetu, anayehamia Liège nchini Ubelgiji atakutana na alama juu ya 20, na muhula wa pili wa mitihani kwa walioanguka, mambo ambayo ameyazoea. Yule anayevuka mpaka na kwenda kilomita mia chache tu ndiye atakayeanza upya.

Hata hivyo, yule wa Liège au wa Paris asijidanganye kwamba Kifaransa chake kimekwisha kumaliza kazi. Katika vitivo vya sheria vya Ufaransa, kwa mfano, insha hutarajiwa kugawanywa katika sehemu mbili, kila moja ikiwa na vijisehemu viwili, na zote zijibu swali moja ambalo mwandishi amelitunga mwenyewe mwanzoni; anayerudisha maneno ya profesa kwa mpangilio ule ule wa kitini alichonunua, hata akiyaandika bila kosa, ataonekana hakujibu kitu. Kwa wanaokwenda kusoma kwa Kiingereza, mtego ni mtihani wa lugha. IELTS, yenye ngazi zinazoishia 9, huamua kama mtu anaweza kuanza, na vyuo vingi huridhika na 6 au 6.5. Mtafiti Jim Cummins, alipochunguza watoto wa wahamiaji nchini Kanada, alionyesha kwamba lugha ya mazungumzo ilipatikana kwa takriban miaka miwili, lakini ile ya darasani na vitabuni ilihitaji mitano hadi saba. Mtu mzima si mtoto, lakini tofauti kati ya lugha hizo mbili ni ile ile, na anayepiga soga vizuri sokoni anaweza kuhitaji saa nzima kwa kurasa tano za nadharia.

Kutoka hapo ndipo inapovunjika dhana nyingine, kwamba ratiba ya Ulaya ni nyepesi na inaacha nafasi ya kutosha ya kufanya kazi. Ratiba huonyesha saa za darasani tu. Mwaka mmoja wa masomo katika mfumo wa Ulaya una krediti 60, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi yote, pamoja na kusoma peke yako na kuandika, maana yake saa 1,500 hadi 1,800 kwa mwaka. Zikigawanywa kwa wiki 40, ni kama kazi ya ofisini, kabla hujahesabu ule muda wa ziada wa kusoma kwa lugha ya kigeni. Sheria ya Ufaransa humruhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi saa 964 kwa mwaka, na ya Ubelgiji saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Hivyo ni vipimo vya juu, na anayevitumia vyote kila wiki asishangae akianguka katika mitihani ya Juni.

Kuhusu wizi wa maandishi, wengi huamini kwamba kubadilisha maneno machache kunatosha. La, wazo la mtu mwingine lisilotajwa lilikotoka ni kosa hata kama kila neno ni lako. Kwa upande mwingine, asilimia inayotolewa na programu kama Turnitin si hukumu, kwani huonyesha tu mfanano, na nukuu halali nazo huhesabiwa humo.

Ukimya nao hueleweka vibaya, safari hii na maprofesa wenyewe. Aliyezoea ukumbi wa mamia ya watu, ambamo anayeuliza swali huchekwa kwamba anajionyesha, hunyamaza kwa adabu, na katika semina ya watu kumi na wawili ukimya huo huonekana kuwa hakusoma.

Mwishowe, shahada. Lisansi ya zamani ya Kongo, katika vitivo vingi, ilikuwa miaka mitatu ya gradua, yaani hatua ya kwanza, na miwili juu yake, jumla mitano. Lisansi ya Ufaransa ni miaka mitatu, na ndivyo ilivyo sasa hapa kwetu chini ya mfumo wa LMD (lisansi, masta, udaktari), ambao vyuo vyetu viliingia kikamilifu mwaka wa masomo 2021–2022. Mwenye shahada ya zamani anayeandika neno “lisansi” tu kwenye fomu hujipunguzia miaka miwili, kwa hiyo aambatanishe orodha ya alama za miaka yote mitano. Kituo cha ENIC-NARIC cha Ufaransa kinaweza kumpa hati ya ulinganisho, lakini hati hiyo haikilazimishi chuo chochote kumpokea.