Kwa nini chuo kinajenga ghorofa la mabilioni huku kikikosa hela ya balbu?

Kila aliyepita chuo cha umma anaijua picha hii. Huku winchi inazunguka juu ya ghorofa jipya, kule darasa lina balbu tatu zinazowaka kati ya nane. Mtu anauliza, na ana haki: wakubwa hawaoni?

Wanaona. Ila fedha za chuo hazikai mfuko mmoja. Kila shilingi huingia na kasma yake, yaani kazi iliyoombewa, na ukiitumia kwa kazi nyingine mkaguzi atakuandikia hoja hata kama hukuiba senti. Niliwahi kuliona dokezo la mkuu wa idara (chuo nakihifadhi) akiomba balbu. Lilizunguka ofisini wiki mbili, likarudi limeandikwa pembeni kwa wino mwekundu: "Hakuna kasma. Subiri OC." OC ni fedha za matumizi ya kawaida, na neno "subiri" mbele yake wahasibu wamelizoea.

Chukua Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wenye kauli ya mwisho pale ni Baraza la Chuo. Wengi hulichanganya na Seneti, lakini Seneti kazi yake ni taaluma: mitaala, mitihani, nani ahitimu. Bajeti, ardhi na majengo ni mambo ya Baraza. Sasa angalia hilo Baraza limeshika nini mkononi. Mishahara ya waajiriwa wa kudumu hutoka Hazina. OC nayo hutoka Hazina. Fedha za maendeleo zina fungu lake. Inabaki ada, kodi za pango na kazi za ushauri, yaani mapato ya ndani, na hapo ndipo Baraza lina uhuru kidogo wa kupanga.

Majengo makubwa ya Mlimani, kampasi kuu ya Chuo, ya miaka ya karibuni hayakutoka kwenye mfuko huo. Mabweni ambayo watu huyaita hosteli za Magufuli yalifunguliwa Aprili 2017: majengo 20, vitanda 3,840, yaliyojengwa na TBA (Wakala wa Majengo Tanzania) kwa shilingi bilioni 10 za Serikali. Gawanya, utapata kama milioni 2.6 kwa kitanda. Fedha hizo zilitoka kwa ajili ya mabweni, kwa hiyo Baraza lisingeweza kuzigeuza kuwa malimbikizo ya wahadhiri. Maktaba mpya, iliyozinduliwa Novemba 27, 2018 na yenye nafasi ya watu 2,100 kwa wakati mmoja, ni msaada wa China wa takriban dola milioni 40. Mchina alitoa maktaba, hakutoa hela. Huwezi kukata kona ya maktaba ukalipie posho ya mafunzo kwa vitendo.

Halafu kuna mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, ule wa HEET, mradi wa elimu ya juu ulioanza 2021 kwa vyuo vya umma, ambao ndani yake zimo kampasi za Chuo hichohicho huko Lindi na Kagera. Mkopo wa namna hiyo una mkataba unaotaja matumizi yake, na bili ya umeme wa darasa la zamani haimo.

Msidhani ni shida ya kwetu tu. California, Marekani, wapigakura walipitisha Novemba 2000 kanuni iitwayo Proposition 39: wilaya ya chuo cha jamii (eneo linaloendesha vyuo vya umma vya miaka miwili) inaweza kukopa kwa hati fungani ikipata asilimia 55 ya kura, na wenye nyumba na ardhi wanalilipa deni hilo kwa kodi. Lakini kanuni yenyewe inakataza hela hizo kulipa mishahara ya walimu na watawala, na sheria iliyoambatana nayo inataka kamati ya wananchi izichunge. Ndiyo maana bodi ya chuo inaweza, katika kikao kilekile, kupitisha jengo jipya la sayansi na kupunguza vipindi vya walimu wa muda.

Kwangu mimi swali gumu linakuja baada ya utepe kukatwa. Jengo la bure lina mkia. Lifti zinataka fundi, viyoyozi vinakula umeme, milango inataka walinzi, vyoo vinataka maji na mtu wa kuvisafisha. Desemba 2017, miezi michache tu tangu hosteli zile zifunguliwe, picha za nyufa zilisambaa mitandaoni; TBA wakaeleza kuwa ni maungio yaliyoachwa makusudi ili jengo lipate nafasi ya kutanuka. Sawa. Lakini muda wa uangalizi wa mkandarasi ukiisha, kila ufa ni wa mwenye nyumba, na unazibwa kwa OC au mapato ya ndani, mfuko uleule uliokosa balbu. Baraza linalopokea zawadi bila kuhesabu mkia wake limeupunguza mfuko huo lenyewe.

Njia ya kuunenepesha mfuko huo ni ardhi. Mlimani City, lile jengo la maduka lililofunguliwa 2006, limekaa juu ya ardhi ya Chuo kwa mkataba wa miaka 50 na kampuni yenye asili ya Botswana, na kamati ya Bunge imeshauhoji mkataba huo kuhusu anachopata mwenye ardhi. Wajumbe wa Baraza hukaa miaka michache wakaondoka. Saini yao inabaki mpaka wanafunzi wa siku ile wawe wamestaafu.

Zile balbu, kama unataka kujua, mkuu wa idara alizinunua mwenyewe dukani. Alipopeleka risiti arudishiwe, akaambiwa nayo haina kasma.