Je, wajua kwa nini mtoto anayerubuniwa mtandaoni huwa hasemi?

Mzazi anapogundua kwamba mwanawe amekuwa akiwasiliana kwa siri na mtu mzima asiyemfahamu, neno la kwanza kumtoka huwa ni "Mbona hukuniambia?" Swali hilo humwangukia asiyestahili kuulizwa, kwani ukimya wa mtoto haukuja wenyewe, bali ulijengwa kwa subira na yule aliyekuwa akimwandikia.

Aghalabu mambo huanzia mahali pa wazi, kama vile katika mchezo unaowaruhusu wachezaji kuandikiana. Mgeni hudai kuwa ana miaka 14, humsifu mtoto kwa uhodari wake, humzawadia sarafu za mchezo, kisha humshawishi wahamie kwenye programu nyingine ya ujumbe, wawili peke yao. Huko huuliza, "Simu hii unaitumia peke yako? Mama yupo?" Maswali hayo husikika kama soga za kawaida, kumbe mwulizaji anapima kama kuna jicho jingine linalotazama. Kisha huomba zile sarafu zibaki siri yao. Siri hiyo ni ndogo mno, lakini mtoto akiitunza tayari ana jambo la kuficha, na kila linalofuata huegemea hapo.

Mgeni huyo akishapata picha moja ya utupu ya mtoto, lugha hubadilika ghafla: mtoto asipotuma nyingine, au fedha, picha itapelekwa kwa wazazi na wanafunzi wenzake, ambao huenda mwindaji ameshanakili majina yao kutoka katika orodha ya marafiki. FBI, shirika la upelelezi la Marekani, imeonya kwamba wanaolengwa zaidi na vitisho vya kudai fedha ni wavulana wa miaka 14 hadi 17, ingawa wazazi wengi huwahofia mabinti tu. Kulipa hakumalizi jambo, kwani anayelipa mara moja hudaiwa tena.

Hapo mzazi naye huweza kumsaidia mwindaji bila kujua. Aliyezoea kusema "Nikikukuta na upuuzi nitakunyang'anya simu" ameshamthibitishia mtoto kwamba kusema kuna adhabu. Programu za kudhibiti matumizi ya simu ya mtoto zina faida yake, hasa kwa watoto wadogo, lakini kwa maoni yangu haziifikii ahadi iliyotolewa mapema, kabla ya balaa, kwamba atakayeleta habari ya namna hii hatagombezwa wala hatapokonywa simu.

Mtoto akishasema, asiendelee kumjibu mtu huyo wala kumlipa, na mazungumzo yasifutwe, kwa sababu majina ya akaunti na tarehe ni vitu ambavyo polisi watavihitaji. Picha yenyewe isitumwe kwa yeyote, hata kwa nia ya kuomba ushauri. NCMEC, kituo cha Marekani kinachoshughulikia watoto waliopotea na wanaodhulumiwa, kina huduma ya bure iitwayo Take It Down, kwa picha za utupu zilizopigwa kabla ya mhusika kutimiza miaka 18. Simu huikokotolea picha namba ya utambulisho, mfano wa alama ya kidole, na namba hiyo tu ndiyo hupelekwa kwa kampuni zilizojiunga ili ziitambue na kuiondoa picha, ambayo yenyewe haitoki simuni. Huduma hiyo haifiki ndani ya mazungumzo yaliyosimbwa, yaani yaliyofungwa yasisomwe na yeyote ila wanaowasiliana, wala katika mitandao ambayo haikujiunga.