Baka la jua lisilouma: maswali na majibu kwa wenye ualbino na wanaoishi nao

Swali: Haya mabaka makavu yenye magamba usoni na mikononi ni nini?

Ni ngozi iliyounguzwa na jua kwa miaka, mpaka seli zake zikaanza kuharibika. Hukaa usoni, masikioni, shingoni, kwenye mdomo wa chini na migongoni mwa mikono. Mara nyingi kidole hulitambua kabla ya jicho: ukipapasa unakuta pamekwaruza, na gamba ukilibandua linarudi palepale. Bado si saratani. Lakini baadhi hugeuka saratani, na hakuna anayeweza kulitazama baka akajua ni lipi litageuka.

Swali: Langu haliumi wala haliwashi. Si nisubiri kwanza?

Hapana. Usisubiri. Kutouma ndiko kunakowachelewesha wagonjwa wetu. Saratani ya ngozi inapoanza huwa haiumi. Maumivu yakija, mara nyingi imeshachimba chini, na kazi ambayo ingekuwa ya dakika chache kliniki sasa inataka upasuaji mkubwa, pengine na mionzi pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam. Wanaokuja na sikio lililoliwa nusu hutuambia jambo lilelile: “Lilikuwa haliumi.” Tafadhali, maumivu yasiwe ndiyo kipimo chako.

Swali: Lakini si ndivyo ngozi ya mtu mwenye ualbino ilivyo?

Hapana. Ualbino ni upungufu wa melanini, rangi inayoikinga ngozi na jua. Hauleti kidonda, jua ndilo linaloleta. Mama anayeambiwa na jirani kwamba vidonda vya mwanawe ni vya kawaida anapotezewa muda. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 1985 ulionyesha kuwa madhara ya jua kwenye ngozi yenye ualbino huanza tangu utotoni kabisa, na saratani kubwa huwapata vijana. Vijana, si wazee.

Swali: Nimekuwa nikipaka majani yaliyotwangwa na krimu ya duka la dawa. Kuna ubaya?

Upo. Krimu nyingi za mchanganyiko zina steroidi: wekundu unapungua, unaona umepona, kumbe ugonjwa unaendelea chini. Majani na majivu huleta uchafu na usaha, na sisi tunashindwa kuona tunachokitibu. Tunaomba sana, acheni.

Swali: Nimesikia siku hizi baka linatibiwa kwa ultrasaundi bila kukatwa. Ni kweli?

Ni kweli. Mawimbi ya sauti hukusanywa kwenye nukta moja ndogo, kama lenzi inavyokusanya jua mpaka karatasi ikaungua. Mashine ya kutazama mtoto tumboni hutumia takribani megahezi 3 hadi 5 (mitetemo milioni 3 hadi 5 kwa sekunde) na haiunguzi kitu. Hii ya ngozi, iliyoendelezwa Denmark, hutumia megahezi 20, na mtetemo wa kasi hivyo haufiki mbali, kwa hiyo joto linaishia milimita 1 au 2 chini ya ngozi. Seli zilizoharibika hufa, gamba linafanyika, kisha linadondoka. Hakuna kisu, hakuna nyuzi, na hakuna mionzi. Kuchoma kidogo kupo.

Ina mipaka. Haifai kwa saratani iliyokwisha kuchimba. Na kilichounguzwa hakiwezi tena kupelekwa maabara, kwa hiyo baka lenye mashaka hukatwa kipande kidogo kwanza, kikapimwa.

Swali: Basi niingojee hiyo mashine?

Hapana, na hapa tunasisitiza tena: usisubiri. Tiba ya baka la jua tunayo. Kliniki za ngozi, pamoja na huduma za mkoba zinazowafuata watu wenye ualbino vijijini, hutumia naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Inapuliziwa kwa sekunde chache. Inauma, inatoa lengelenge, na kwa kawaida gamba linatoka ndani ya wiki chache. Mabaka yakiwa mengi, daktari anaweza kukuandikia krimu ya fluorourasili. Itakufanya uwe mwekundu na uchubuke. Usiiache njiani kwa sababu hiyo bila kumuuliza aliyekupa.

Swali: Kinga je?

Kofia yenye ukingo mpana pande zote (kapelo inaacha masikio nje), mikono mirefu, kivuli saa za jua kali. Paka mafuta ya kuzuia jua asubuhi na urudie kila baada ya saa 2 ukiwa nje. Kilisun, mafuta ya aina hiyo, hutengenezwa Moshi kwa ajili ya ngozi yenye ualbino. Walimu, msimwadhibu mtoto huyu kwa kumsimamisha juani, na kofia yake msimvue darasani wala gwarideni.

Swali: Lini niende hospitali bila kungoja siku ya kliniki?

Kidonda kisichopona kwa wiki 4. Baka linalovuja damu, linalonenepa au kuota kinundu. Mdomo wa chini wenye ufa usioziba. Uvimbe shingoni karibu na kidonda. Lolote kati ya haya, nenda wiki hii hii, linauma au haliumi. Ukifika, vua kofia na kitambaa, umwombe mhudumu akague utosini, nyuma ya masikio na shingoni kwa nyuma, maana huko huwezi kujiona mwenyewe.