Kinga ya panya na kitu kigeni: tunayoamini na yaliyo kweli

"Kipimo cha haraka cha malaria kinaona vimelea." Utasikia hivyo Mbagala, Manzese, popote jijini palipo na duka la dawa. Kipimo hicho hakioni kimelea hata kimoja. Kinanasa antijeni, yaani kitu kigeni, au kipande chake, ambacho kinga ya mwili inaweza kukitambua. Kwa malaria iliyozoeleka kwetu, antijeni inayotafutwa zaidi ni protini iitwayo HRP2, ambayo vimelea huimwaga kwenye damu. Vimelea vikishauawa na dawa ya mseto, protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa. Mtu aliyemaliza dozi vizuri akapima tena baada ya siku 10 anaweza kukuta mistari miwili, yaani jibu la kuwa na malaria, akaamini dawa imeshindwa, akanunua nyingine. Hili linaniumiza, kwa sababu homa yake ya pili huenda ina chanzo kingine kabisa, nacho kinaachwa bila kutafutwa. Homa ikirudi ndani ya wiki hizo, rudi kituo cha afya, damu itazamwe kwa darubini.

Kinachonasa antijeni kwenye kipimo ni kingamwili, protini ambayo kinga hutengeneza ili kushika antijeni, na katika vipimo vingi kingamwili hizo asili yake ni panya. Panya wa maabara, mnyama wa gramu 20 hadi 30, huchomwa antijeni. Seli B zake (chembe nyeupe zinazotengeneza kingamwili) zinazoitambua huongezeka, nyingi zikiwa kwenye bandama. Tatizo lilikuwa kwamba seli hizo zikitolewa mwilini hufa upesi. Mwaka 1975, mjini Cambridge, Georges Köhler na César Milstein walichukua seli za bandama ya panya aliyechomwa chembe nyekundu za damu ya kondoo, wakaziunganisha na seli za saratani ya panya zisizokoma kugawanyika. Wakapata seli inayoishi na kuendelea kutoa kingamwili ya aina moja tu. Tuzo ya Nobel ikafuata mwaka 1984. Hata mstari wa C, ule unaothibitisha kwamba kipimo kimefanya kazi, kwa kawaida hutokea kwa kunasa kingamwili za panya zilizosukumwa na damu kupita kwenye kikaratasi. Usipotokea, majibu hayo hayafai. Vipimo vya ujauzito vimejengwa kwa njia hiyo hiyo.

"Chembe nyeupe ni askari, zinamjua adui." Ndivyo tulivyofundishwa shuleni, na kwa mtoto wa darasa la tano inatosha. Lakini askari anajua anayemlinda na anayempiga, ilhali seli T, aina nyingine ya chembe nyeupe, haijui lolote la namna hiyo. Ina kipokezi chenye umbo lake, na hushika kipande kidogo cha protini pale tu kinapoonyeshwa juu ya seli nyingine ya mwili. Rolf Zinkernagel na Peter Doherty waliligundua hili Canberra, na kulitangaza mwaka 1974. Walichukua seli T za panya walioambukizwa virusi, wakazikutanisha na seli nyingine zenye virusi hivyo hivyo. Seli T ziliua zile tu zilizotoka kwa panya wenye alama za tishu zinazolingana na zao. Kumbe hutazama mambo mawili kwa pamoja: kipande kigeni, na alama ya mwili inayokibeba. Kingamwili haina sharti hilo, lakini nayo haiingii ndani ya seli ambamo virusi vimejificha, kwa hiyo kudhani kwamba kinga ni kingamwili peke yake ni kusahau nusu ya kazi.

"Mwili ukishamwona mgeni ndipo unamtengenezea kingamwili ya kumfaa." Dhana hii inaingia akilini, na wanasayansi wakubwa waliishikilia miaka mingi. Ukweli unashangaza zaidi. Vipokezi huwa tayari kabla mgeni hajafika. Kila seli B, na kila seli T, huchanganya vipande vya jeni zake inapokomaa na kupata umbo la bahati nasibu. Susumu Tonegawa alionyesha hivyo mwaka 1976 alipolinganisha DNA ya kiinitete cha panya na ile ya seli ya saratani ya panya inayotoa kingamwili: vipande vilivyokuwa mbalimbali kwenye kiinitete vilikuwa vimesogezwa karibu.

Ndiyo maana mwitikio wa kwanza huchelewa. Kati ya mamilioni ya seli T za panya mmoja, zinazofaa kipande fulani cha antijeni huwa makumi, au mamia machache. Kwanza seli za dendriti zinameza kile kitu kigeni pale kilipoingilia, zinakisafirisha hadi kwenye tezi za limfu (zile zikivimba tunaziita mitoki), na huko ndiko zile seli chache zinakikuta. Zinaanza kugawanyika, na katika maambukizi mengi ya virusi hufika kileleni karibu na siku ya 8. Baada ya hapo nyingi hufa, na mwili umekusudia hivyo. Zinazobaki ni seli za kumbukumbu, na chanjo hutegemea hizo.

"Chochote kigeni hushambuliwa." Hapana. Panya hula protini ngeni kila siku. Akilishwa kwanza protini ya yai, kisha baadaye akachomwa sindano ya protini hiyo hiyo, mwitikio wake huwa hafifu. Protini safi ikichomwa peke yake nayo mara nyingi haiamshi kitu cha maana, na ndiyo sababu chanjo nyingi huongezwa kichocheo kama chumvi ya aluminiamu. Kinga hungoja ishara ya hatari.

"Panya wa jalalani haugui, ana kinga ya chuma." Anaugua sana na hufa mapema. Asipougua, si lazima awe ameshinda: panya wengi hubeba bakteria wa leptospira kwenye figo na kuwatoa kwa mkojo, wenyewe wakiwa wazima. Wakazi wa Ruangwa mkoani Lindi waliugua ugonjwa unaoletwa na bakteria hao mwaka 2022.

Imebaki dhana ninayoiona kuwa na madhara kuliko zote, nayo ina pande mbili: wengine husema kilichomfaa panya kitamfaa mtu, wengine kwamba panya si mtu, hivyo utafiti wote ni kupoteza fedha. Chukua malaria. Vimelea vya falsiparamu, vinavyoleta malaria iliyozoeleka kwetu, havimshiki panya wa kawaida, kwa hiyo maabara hutumia ndugu yao, Plasmodium berghei, aliyepatikana kwa panya mwitu Katanga, nchini Kongo, mwaka 1948. Mwaka 1967 Ruth Nussenzweig alionyesha kwamba panya waliochanjwa kwa vimelea hivyo vilivyodhoofishwa kwa mionzi walikingwa. Baadaye kingamwili za panya zilisaidia kuipata protini inayofunika kimelea anapotoka kwa mbu. Chanjo za malaria za RTS,S na R21 zimejengwa juu ya kipande cha protini kama hiyo ya falsiparamu, na zote mbili zilijaribiwa kwa watoto Bagamoyo, mwendo mfupi tu kutoka Dar.

Upande wa pili ni London, Machi 2006. Wanaume 6 walipewa dawa ya TGN1412, iliyolenga seli T. Dawa ya aina hiyo ilikuwa imetuliza kinga ya panya. Watu hao waliugua vibaya ndani ya saa chache. Sehemu ya sababu ni usafi. Panya wa maabara hulelewa bila vijidudu vya kawaida, na utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kinga yao inafanana zaidi na ya mtoto mchanga kuliko ya mtu mzima. Mwaka 2019 watafiti walipandikiza viinitete vya panya wa maabara kwa mama wa mwituni, watoto wakarithi vijidudu vyake. Walipopewa dawa ya aina ya TGN1412, panya hao walionyesha mchafuko wa kinga ambao wenzao wasafi hawakuuonyesha.