Je, wajua kwa nini kuku mmoja huuzwa mara nne kwenye harambee ya shule?

Kama umewahi kuhudhuria harambee ya shule kijijini Kenya, kuku huyu unamjua. Amefungwa miguu kwa kamba ya katani, amelazwa karibu na meza ya wageni, kando yake pana trei ya mayai na mkungu wa ndizi. Mshereheshaji anamwinua juu na kumtaja nyanya aliyemleta, kwa jina, na nyanya anasimama akapigiwa makofi. Mnada unaanza. Mwenye duka anamchukua kwa shilingi 1,000, kisha anasema, "Namrudisha." Mwalimu wa shule jirani anatoa 1,500, naye anamrudisha. Mkandarasi anatoa 3,000; anamrudisha. Mwishowe mgeni wa heshima anamnunua kwa 10,000 na kumkabidhi mwalimu mkuu. Kuku ambaye sokoni angeuzwa mara moja tu ameiletea shule shilingi 15,500.

Wageni wengi huuliza: kwa nini wasitoe pesa hizo moja kwa moja, yaishe?

Jibu liko kwa nyanya. Yeye hana pesa taslimu, ana kuku. Angemuuza sokoni na kuleta noti moja, noti hiyo ingetumbukia kwenye beseni na kumezwa na noti za wengine. Akimleta kuku mwenyewe, kila shilingi itakayopandishwa juu yake inapanda kwa jina lake. Mwenye duka na mkandarasi wanampa heshima mbele ya watu, na wao wanaonekana wakitoa. Siku darasa likiezekwa mabati, nyanya ana haki ya kusema, "Hili nimelijenga," na hakuna atakayembishia. Ndiyo maana pia majina husomwa kwa sauti, hata ya aliyetoa shilingi 50. Mchango wa siri haujengi deni kwa jirani yako. Mchango uliosomwa hadharani unamfanya naye aje kwako wiki ijayo, mtoto wako akihitaji karo.

Desturi hii ni ya zamani kuliko nchi yenyewe. Mwaka 1939 Mbiyu Koinange, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Marekani, alifungua Chuo cha Ualimu cha Githunguri, Kiambu, ili kitoe walimu wa shule huru za Wakikuyu, zile zilizojitenga na misheni baada ya mgogoro wa tohara ya wasichana wa 1929. Pesa zilichangwa kwa riika: kila rika la waliotahiriwa pamoja lilishindana na jingine, kwa kuwa hakuna aliyetaka rika lake litajwe la mwisho. Baadaye Jomo Kenyatta alikiongoza chuo hicho. Serikali ya kikoloni ilikifunga mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa dhidi ya Mau Mau, na mahali hapo pakageuzwa pa kunyongea watu. Sijui adhabu nyingine kali kuliko hiyo kwa watu waliochanga senti zao wajenge shule.

Kwa hiyo Kenyatta aliposimama Siku ya Madaraka, tarehe 1 Juni 1963, na kutoa wito wa Harambee, hakuwa akibuni jambo jipya. Neno lenyewe ni la kazi, sauti ya watu wanaovuta mzigo mzito kwa pamoja. Alichofanya ni kulifanya kuwa mpango wa taifa, na sababu ilikuwa wazi. Wakati wa uhuru Kenya ilikuwa na shule za sekondari 151, zenye wanafunzi 30,120. Nchi nzima. Watoto wengi walifaulu mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, kisha wakarudi nyumbani kwa sababu nafasi za kidato cha kwanza hazikuwapo.

Hapa ndipo penye hesabu ambayo wengi hawaioni. Wanakijiji hawakuchanga kwa sababu tu ya moyo mwema. Walijua kwamba serikali haiwezi kujenga kila mahali, lakini pia ni vigumu kwake kuipa kisogo shule ambayo tayari imesimama na ina watoto ndani. Basi walianza na walichokuwa nacho: darasa moja la kuazima katika shule ya msingi, kidato cha kwanza pekee, mwalimu aliyemaliza kidato cha nne asiye na mafunzo, akilipwa kwa karo ya wanafunzi. Kisha ujumbe wa wazee ulipanda ofisini kuomba serikali ilete mwalimu aliyehitimu. Jengo lilikuwa ombi lenyewe, lililoandikwa kwa mawe na mabati. Shule nyingi zilikubaliwa kwa njia hiyo, na katika miaka ya 1970 shule za harambee zilizidi zile za serikali kwa idadi.

Tanzania nao waliujua mtindo huu walipojenga shule za kata katika miaka ya 2000. Wananchi wanachimba msingi, wanasomba mchanga, wanapandisha boma, yaani kuta zisizo na paa, hadi kwenye renta, kisha wanaisubiri serikali iezeke. Wapo waliosubiri miaka, boma likiota nyasi ndani.

Kenya haikuishia kwenye sekondari. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kila eneo lilitaka chuo chake cha ufundi, na ushindani ukawa ule ule wa riika, ila sasa ni wa mikoa na wilaya. Nyeri walichangia Taasisi ya Kimathi, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Kakamega walichangia chuo cha WECO (Western College), leo ni Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Chuo cha kilimo cha Ukambani kilikuja kuwa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, Kitui. Mtu anayesoma katika vyuo hivyo leo anakaa juu ya msingi uliolipiwa na kahawa, maziwa na kuku wa watu ambao wengi wao hawakupita darasa la nne.

Lakini lazima niseme na upande wa pili, maana unaniuma. Harambee hujenga ukuta. Hailipi mshahara wa mwalimu kila mwezi. Shule nyingi zilipata madarasa mazuri na matokeo mabaya. Penye chai na kahawa palichangwa kwa wingi, na huko Kaskazini Mashariki, ambako utajiri ni mifugo na ukame hauishi, shule zilibaki chache. Mfumo wa 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, ulipoanza mwaka 1985, wazazi walitakiwa kujenga karakana na darasa la nane, na kuchanga kukawa amri. Chifu alipita nyumba kwa nyumba, na asiyekuwa na pesa aliweza kuchukuliwa kuku wake. Kuku yule yule. Wa hiari mwenyewe hupigiwa makofi, wa kunyang'anywa mwenyewe hatajwi.

Wanasiasa nao waliona haraka kwamba mahali ambapo majina husomwa kwa sauti ni mahali pazuri pa kuomba kura. Mgeni wa heshima aliyetoa 10,000 kwa kuku alitoa mamia ya maelfu kwa jengo, na watu wakaacha kuuliza pesa zimetoka wapi. Mwaka 2003 Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma iliwakataza kugeuza ofisi zao kuwa mahali pa kukusanyia michango, au kutumia vyeo kumshinikiza mtu atoe. Mwaka huo huo ukaanzishwa mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, CDF, wenye asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali, na madarasa mengi yamejengwa kwa mfuko huo tangu hapo. Kisha Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali na watumishi wa umma wasishiriki harambee tena.

Michango yenyewe haijakoma, imehamia kwenye simu. Shule inatoa nambari ya paybill, ya kupokelea pesa kwa simu, wanafunzi wa zamani wanafungua kundi la WhatsApp, na kila anayetuma anainakili orodha, anaongeza jina lake na kiasi, kisha anairudisha kundini. Ukiitazama orodha hiyo ikikua usiku, 1,000, 500, 2,000, utaona ni kule kule kusoma majina, ila sauti ndiyo haipo. Mtu aliyeko Doha au Minneapolis anachangia bweni la Vihiga kabla chai yake haijapoa, na hilo ni jambo la kushukuru sana.

Nyanya hayumo kwenye kundi hilo. Bado ana kuku, na shule bado iko ng'ambo ya barabara kutoka kwake. Katika kamati za shule nilizokaa nimeomba kila mara jambo moja: hata pesa zikija kwa simu, iwekwe siku moja watu waje uwanjani, meza itandikwe, na kuku wapokelewe.