Mgonjwa wa dialisisi akimeza warfarini, mifupa nayo inahusika

Wagonjwa ninaowahudumia kwenye kliniki ya figo huniuliza mara kwa mara kama heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda inayowekwa kwenye mashine ya dialisisi (ya kusafisha damu), ndiyo inayowamaliza mifupa. Swali ni la maana, ila mtuhumiwa mkubwa kwa kawaida hayuko kwenye mashine. Yuko nyumbani, kwenye mfuko wa dawa: ni warfarini, kidonge cha kuzuia damu kuganda.

Tuimalize heparini kwanza. Damu ikitoka mwilini na kuanza kupita kwenye mipira na chujio, inataka kuganda. Kwa hiyo sista hupachika bomba la sindano lenye heparini ubavuni mwa mashine, na dawa inasukumwa polepole kuingia kwenye mpira kabla damu haijafika kwenye chujio. Nguvu yake hupungua kwa nusu ndani ya saa moja hadi saa moja na nusu, ndiyo maana tunaizima kabla ya muda wa kusafishwa kwisha, ili sindano zikichomolewa matundu ya fistula (mshipa wa mkononi ulioandaliwa kwa upasuaji ili uchomwe sindano za mashine) yafunge kwa kukandamizwa na gozi. Ni kweli heparini inaweza kudhoofisha mifupa, lakini hilo limeonekana hasa kwa watu waliochomwa dozi kubwa kila siku kwa miezi mingi. Dozi ya dialisisi ni ndogo zaidi, tena ni mara mbili au tatu tu kwa wiki. Mimi sikeshi kwa ajili yake.

(Nikiwa hapo hapo: ndiyo, heparini nyingi hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Wagonjwa wangu Waislamu huniuliza, nami huwaambia hivyo hivyo bila kuzungukazunguka. Mwenye wasiwasi namwomba azungumze na sheikh wake, amweleze kuwa ni dawa na inatumika kwa dharura gani, kabla hajamwambia sista asiiweke. Chujio likiganda, damu iliyomo ndani inapotea, na mgonjwa wa figo hana damu ya kuchezea.)

Warfarini ni habari nyingine. Ilianzia kwa ng'ombe. Miaka ya 1920 huko Marekani na Kanada, ng'ombe waliolishwa majani makavu yaliyoota ukungu walianza kufa kwa kuvuja damu, na baadaye Karl Link na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin wakaigundua kemikali iliyokuwa ikiwaua. Kutokana nayo ikapatikana warfarini, iliyouzwa kwanza kama sumu ya panya mwaka 1948, kisha ikaruhusiwa kwa binadamu mwaka 1954. Inafanya kazi kwa kuuzuia mwili usiitumie upya vitamini K, na bila vitamini hiyo ini haliwezi kukamilisha protini za kugandisha damu.

Sasa tatizo ni kwamba ini si mteja pekee wa vitamini K. Seli zinazojenga mfupa hutengeneza protini iitwayo osteokalsini, ambayo hushikana na kalsiamu, nayo haikamiliki bila vitamini K. Kuta za mishipa ya damu nazo zina protini yao, kwa kifupi MGP, ambayo kazi yake ni kuizuia kalsiamu isijijenge mahali isipotakiwa. Hiyo nayo inaitegemea vitamini ile ile. Warfarini haichagui ni ipi ya kuzuia. Inazizuia zote.

Kwa mtu mwenye figo nzima, mwili unaweza kuvumilia hali hiyo kwa miaka. Kwa mtu wa dialisisi, mambo yalikwishaharibika kabla ya kidonge cha kwanza. Figo ndizo zinazoikamilisha vitamini D ili ianze kazi, na ndizo zinazotoa fosforasi iliyozidi. Zikishindwa, fosforasi inapanda, kalsiamu inashuka, na tezi za parathairoidi shingoni zinaanza kumwaga homoni inayoamrisha mifupa itoe kalsiamu yake. Wengine hupatwa na kinyume chake: mfupa unalala kabisa, haubomolewi wala haujengwi, jambo tunaloliona sana kwa wenye kisukari. Njia zote mbili zinaishia kwenye mfupa unaovunjika kirahisi na mishipa iliyokakamaa kwa kalsiamu. Ukiongeza warfarini juu ya hayo, umeondoa breki iliyokuwa imebaki.

Utafiti wa Italia uitwao VIKI, uliochapishwa mwaka 2012, uliwapima wagonjwa 387 wa dialisisi. Zaidi ya nusu yao walikuwa na pingili za mgongo zilizovunjika, na upungufu wa vitamini K ulikuwa wa kawaida. Wanaume waliotumia warfarini kwa zaidi ya mwaka walikuwa na mivunjiko hiyo kwa wingi zaidi. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyovunja mfupa, ila unalingana na tunachokijua kuhusu jinsi dawa inavyofanya kazi, na kwangu hilo linatosha kunifanya niulize maswali.

Na kuna kalisifailaksi. Mishipa midogo ya ngozi huziba kwa kalsiamu, ngozi ya mapaja au tumbo inakuwa na mabaka ya zambarau yenye maumivu makali, kisha inageuka vidonda vyeusi. Haitokei mara nyingi, lakini wengi wanaoipata hufariki ndani ya mwaka mmoja, na warfarini ni moja ya visababishi vinavyofahamika vizuri. Baka la namna hiyo kwa mgonjwa wa dialisisi si la kupaka dawa ya duka.

Kwa hiyo swali langu la kwanza huwa rahisi mno.

"Shikamoo mzee. Hii warfarini unatumia kwa ajili ya nini?"

"Marahaba. Niliandikiwa, daktari."

"Waliokuandikia walisema ni ya nini?"

Kimya. Binti yake anapekua makaratasi. Tunakuta kwamba ilianzishwa wakati katheta ya shingoni, yaani mpira wa kupitishia damu kwenda kwenye mashine, ilipokuwa ikiziba kila mara. Fistula ya mkononi ilikwishakomaa, katheta ikatolewa, warfarini ikabaki. Kila kliniki mtu alinakili orodha ya dawa ya kliniki iliyotangulia. Mambo kama haya ni mengi kuliko yanavyostahili kuwa. Vivyo hivyo kwa bonge la damu la mguuni lililotokana na upasuaji: mara nyingi miezi mitatu ya dawa hutosha, lakini mtu anameza mwaka wa nne.

Nasema haya nikijua hatari yake, hivyo nieleweke. Usiache warfarini mwenyewe. Mwenye vali ya chuma kwenye moyo akiiacha, vali inaweza kuziba au akapata kiharusi ndani ya muda mfupi. Kwake hakuna mbadala wa kidonge. Dabigatrani na apiksabani, dawa mpya za kuzuia damu kuganda, zote zilijaribiwa kwa watu wenye vali za chuma, na majaribio yote mawili yakasimamishwa. Vivyo hivyo kwa moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi, ugonjwa ambao huku kwetu bado tunao sana. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya utafiti wa INVICTUS, uliofanyika Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini kwa wagonjwa zaidi ya 4,500 wa aina hiyo wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Waliopewa dawa ya aina ya warfarini walikufa wachache kuliko waliopewa rivaroksabani, dawa nyingine mpya. Wengi tulitarajia dawa mpya ishinde, au angalau zitoke sare.

Anayebaki kwenye mjadala ni yule mwenye mapigo yasiyo na mpangilio ambaye vali zake ni nzima. Kwake apiksabani inavutia: haigusi vitamini K, na ni kama robo tu ya dawa hiyo inayotolewa kupitia figo, tofauti na dabigatrani ambayo sehemu kubwa hupitia huko. Kwa watu wasio kwenye dialisisi, takwimu zinaonyesha mivunjiko michache kwa wanaotumia dawa hizi mpya kuliko warfarini. Kwa watu wa dialisisi ushahidi ni mdogo. Utafiti wa RENAL-AF ulisimamishwa kabla ya wakati, na ule wa Ubelgiji uitwao Valkyrie haukuonyesha tofauti ya wazi katika kalsiamu ya mishipa. Hata swali la kama mgonjwa wa namna hii anafaidika na dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda ni jambo ambalo mabingwa bado wanabishana. Msimamo wangu: ikibidi atumie, na bima au mfuko unaruhusu, naanza na apiksabani. Mfuko usiporuhusu, warfarini yenye INR (kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda) inayopimwa kwa ratiba ni bora kuliko apiksabani inayonunuliwa mwezi huu na kukosekana mwezi ujao.

Chakula ndipo mgonjwa anapochanganywa zaidi. Daktari wa figo kamwambia apunguze mboga za majani kwa sababu ya potasiamu, wa moyo kamwambia aziogope kwa sababu ya warfarini, na mwisho wake ni ugali na nyama kila siku. Mboga zikikatwakatwa, zikachemshwa kwa maji mengi na maji hayo yakamwagwa, potasiamu nyingi huondoka nayo. Vitamini K haiyeyuki kwenye maji, hivyo sehemu kubwa hubaki kwenye mboga. Matembele au mchicha wa namna hiyo, kiasi kidogo kile kile kila wiki, INR ikapangwa kukifuata. Kinachovuruga kipimo ni kula sahani nzima Idi na kukaa wiki tatu bila jani. Vidonge vya kalsiamu vya kukamata fosforasi vimezwe katikati ya mlo. Vikimezwa tumbo tupu, kalsiamu inaingia mwilini na fosforasi ya chakula inakuja kupita bila kuguswa.

Ukiwa kwenye warfarini, usinunue Flagyl wala Septrin dukani bila kusema unatumia nini. Zote mbili zinapandisha INR, wakati mwingine ndani ya siku chache. Na mtu akikuletea sindano ya kuimarisha mifupa iitwayo denosumabu, uliza kwanza daktari wako wa figo. Kwa watu wa dialisisi inaweza kushusha kalsiamu hadi ya hatari, na mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kuhusu hilo Januari 2024.

Mwisho, kuanguka. Baada ya kusafishwa presha huwa chini, na nyonga nyingi huvunjika mtu anapoinuka ghafla kitini au anapoteleza na ndala kwenye vigae vya bafuni. Kaa pembeni ya kiti kwanza, miguu ikining'inia, mpaka kizunguzungu kiishe. Ukianguka ukagonga kichwa na unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, nenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama unajisikia mzima, na umwambie daktari jina la dawa na saa uliyoimeza.