Andaa Shimo la Malenge Kabla ya Mvua

Wakulima wa Kakamega, Vihiga na Busia wakifika ofisini kwetu huulizia mbegu bora ya malenge. Mimi huwarudisha kwenye udongo. Mashamba mengi ya huku yana asidi, kwa sababu mvua kubwa imeyaosha miaka nenda miaka rudi, na mbolea ya DAP ya kila msimu imeizidisha asidi hiyo. Malenge hustawi kwenye pH (kipimo cha asidi; namba ikishuka, asidi imezidi) ya 6.0 hadi 6.8. Ikishuka chini ya 5.5, fosforasi, kirutubisho cha mmea, hung'ang'ania udongoni na mmea hudumaa.

Kwa hiyo pima kwanza. Chimba sentimita 20 sehemu mbalimbali za shamba, changanya udongo huo kwenye ndoo safi, upeleke nusu kilo maabara. Ukishauriwa kutia chokaa ya kilimo ili kupunguza asidi, itie wiki kadhaa kabla ya kupanda. Mvua ya masika huanza Machi, basi kazi hii ni ya Januari na Februari.

Kwenye samadi ndiko tunakoona hasara kubwa. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuleta magugu. Chomeka fimbo katikati ya lundo, ngoja dakika chache, ichomoe uishike. Ikiwa na joto, subiri. Iliyoiva hufikichika mkononi, hunukia udongo wa msituni, na nyasi za zizini huzitambui tena. Jivu ni zuri, lakini usilichanganye na samadi mbichi, maana naitrojeni itapotea hewani.

Chimba shimo la sentimita 45, upana na kina, ukiweka udongo wa juu kando. Uchanganye na debe moja la samadi, urudishe. Acha mita 2 hadi 3 kati ya mashimo. Kwenye udongo mweusi wa nyanda za Kano, Kisumu, panda juu ya tuta, kwani maji yakituama mizizi huoza.

Asiye na ng'ombe asikate tamaa. Yale maua ya manjano yanayopandwa kama ua wa boma, amalulu (tithonia), yana utajiri wa naitrojeni na potasiamu. Katakata majani na vitawi laini, ufukie shimoni wiki mbili hivi kabla ya kupanda.

Amua pia unachotaka. Anayetaka seveve, yaani majani ya malenge ya mboga, aongeze samadi kila anapochuma majani. Anayetaka malenge yenyewe apunguze mbolea ya kuku: naitrojeni ikizidi, shamba litajaa majani na matunda yatakuwa machache.